Bei ya Kwanza

Mtaani walimwita Sindano, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Si kwamba alikuwa mwembamba, tusidanganyane. Ni kwamba hakuonekana bila sindano. Ikiwa haiko mkononi, iko begani, imechomekwa kwenye blauzi na uzi wake unaning'inia, na mara nyingi aliisaka nyumba nzima, akafukua mito ya viti na kulaumu watu, kumbe iko palepale begani inamsikiliza. Alikuwa amevuka hamsini kwa miaka miwili. Thelathini kati ya miaka yake aliimaliza mbele ya cherehani moja, kwenye kijia chembamba kati ya sebule na mlango wa mbele, ambapo kila anayeingia sharti ambane na kila anayetoka sharti amuulize kitu.

Alikuwa mtu wa kuota mchana. Mguu uko kwenye kanyagio, macho yako kwenye kitambaa, mwenyewe hayupo. Mumewe, fundi wa kufuli asiye na haraka na jambo lolote, alishajua kwamba ukimwita mkewe sharti umwite mara tatu. "Ya kwanza unagonga," alipenda kuwaambia wageni, "ya pili anatafuta ufunguo, ya tatu ndiyo anafungua." Wageni walicheka, na Sindano naye alicheka, ila baadaye kidogo kuliko wenzake.

Mwaka huo ndoto yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chumba.

Alikiona mara moja, tena kwa kukosea. Mama mkwe wake alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya goti, na Sindano, akitafuta bomba la kujazia chupa ya maji, akafungua mlango usio wake. Ndani kulikuwa na mashuka. Mashuka meupe yaliyokunjwa na kupangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi darini, na joto la pasi lilikuwa bado limetulia hewani pamoja na harufu ya sabuni. Dirisha lilikuwa pana, lenye kioo cha ukungu, na mwanga ulishuka ndani taratibu kama unga unaochekechwa. Chini ya dirisha palikuwa na cherehani, mbele ya cherehani kiti, na kwenye kiti hapakuwa na mtu. Hakuna sauti. Hakuna aliyepita. Hakuna aliyeuliza suruali yake itakuwa tayari lini. Sindano alisimama pale na chupa yake tupu kwa muda ambao hakuweza kuukadiria, na alipotoka hakukumbuka alikuwa amekwenda kutafuta nini. Mama mkwe alimezea dawa maji ya jirani wa kitanda.

Tangu siku hiyo, kijia kikimlemea, alikwenda zake chumbani kule. Wateja waligombea zamu mbele yake, watoto waliruka juu ya mguu wake, na yeye alikuwa anakunja mashuka katika mwanga ule. Alishajua hata mkasi ataweka wapi: upande wa kushoto, karibu na dirisha. Hakumwambia mtu. Utamwambiaje mtu mzima mwenzio kwamba umependa chumba?

Basi wifi yake alipoleta habari, hakujua analeta nini. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa muuza mitumba sokoni, na mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Wifi, hospitali wanatafuta fundi wa mashuka! Siku tatu kwa wiki, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Tangazo liko getini, fundi wao wa zamani amestaafu. Wifi! Hivi nimekuita mara ngapi?"

"Mbili," alisema mumewe kutoka sebuleni.

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sindano aliijaza kwa mwandiko wa shule, mstari kwa mstari, hadi akafika wa tisa. Mstari wa tisa ulikuwa umeandikwa: Malipo unayotarajia kwa siku. Mbele yake palikuwa na nafasi tupu, fupi kama njiti ya kiberiti.

Alikaa na nafasi hiyo jioni mbili. Si kwamba hakuwa na hesabu yake. Moyoni alikuwa na elfu kumi, na kwa elfu kumi angekwenda akiimba. Ukweli, na huu hakumwambia mtu, hata kwa saba angekwenda. Tatizo ni kwamba maisha yake yote hakuwahi kutaja bei akiwa peke yake. Bei, kwa alivyoijua yeye, hutoka katika vinywa viwili. Yeye husema nane, mteja hucheka na kusema tatu. Yeye huonyesha jinsi kitambaa kinavyoteleza, mteja hugeuka kuondoka akitembea polepole, polepole sana, ili aitwe. Naye huitwa. Wanakutana kwenye tano, wanaagana kwa heri, na kila mmoja anajiona mjanja. Sasa karatasi ukiitajia bei, itakujibu nini?

"Andika kumi na nane," alisema wifi yake.

"Kumi na nane! Wifi, wataniona mwizi."

"Nani kakwambia utalipwa kumi na nane? Bei ya kwanza ni hodi, hakuna anayelala mlangoni. Unaandika kumi na nane, wanashtuka, wanasema nane. Hapo unalia kidogo, unataja macho, unataja nauli. Wao wanapanda, wewe unashuka, mnakutana kumi na mbili. Ukiandika kumi watakupa sita, na mimi usije kunililia."

Akili zote za soko zilikuwamo katika maneno hayo, na Sindano hakuona pa kuyapingia. Aliandika kumi na nane, akafunga bahasha haraka asije akaifuta.

Aliitwa kwenye mahojiano wiki iliyofuata. Afisa aliyempokea alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye koti la kijivu. Bitana ya koti hilo, kile kitambaa cha ndani, ilikuwa imefumuka kwenye mkono wa kulia na ilichungulia nje kila alipoandika. Sindano alijitahidi kutoitazama. Ni sawa na kumwambia paka asitazame samaki.

Maswali hayakuwa magumu. Aliulizwa kama ana cheti, akasema hana, ana miaka thelathini ya cherehani. Alipewa shuka lenye tundu la ukubwa wa sarafu, akatoa sindano begani na kulitia kiraka palepale. Binti alilipeleka shuka dirishani, akaligeuza huku na huku akilitafuta tundu, asilione, akarudi mezani. Kisha kalamu yake ikateremka hadi mstari wa tisa.

Sindano alijiweka sawa kitini. Usiku wote uliotangulia alikuwa ameandaa hotuba tatu: ya macho, ya nauli, na ya bei ya uzi, na hiyo ya tatu ilikuwa na mahali pa kushika kifua.

"Hapa umeandika elfu kumi na nane kwa siku. Ni hiyo?"

"Ni hiyo," alisema Sindano, akasubiri kicheko.

Binti hakucheka. Aliandika kitu pembeni, akafunga faili. "Asante sana, mama. Tutakujulisha."

"Ni hiyo kwa sasa," Sindano aliongeza, kumsaidia.

"Sawa, mama."

"Yaani hiyo niliyoandika. Kwenye karatasi."

"Nimeiona, mama. Asante."

Hakuwa na la kufanya ila kuinuka. Lakini mtu wa kupatana bei hakati tamaa kwa kufika mlangoni, maana mlangoni ndipo mambo huanza. Sindano alitoka na kuanza kutembea polepole. Korido ilikuwa ndefu, na madirisha yake yalimwaga mwanga sakafuni, dimbwi moja baada ya jingine, naye alivuka kila dimbwi kwa hatua nne, kisha tano, kisha sita, sikio moja likiwa nyuma. Muda si muda angesikia: mama, hebu rudi, tuseme nane. Alipita mlango wa kile chumba. Ulikuwa umefungwa, lakini chini yake palikuwa na mstari mweupe wa mwanga, na hapo miguu yake ikagoma kabisa.

"Taratibu, mama, kaa hapa," ilisema sauti. Alikuwa muuguzi, na alikuwa amesukuma kiti cha magurudumu hadi nyuma ya magoti yake. "Umetoka wodi gani?"

"Sijatoka wodi. Nimetoka ofisini."

"Ndiyo, mama, ofisini. Kaa tu," alisema muuguzi, kwa ile sauti ya kuongea na mtu mwenye homa.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba anaweza kulazwa. Ilimchukua Sindano muda kumshawishi muuguzi kwamba ni mzima wa afya, na muda wote huo hakuna aliyeita kutoka ofisini.

"Hawakusema hata nane?" wifi yake aliuliza jioni.

"Hawakusema kitu."

"Hata kushtuka?"

"Aliandika tu, akasema asante."

Wifi alivuta kigoda akakaa. Safari hii neno lake lilikuwa baya. "Wifi yangu, mteja asiyepatana hana nia ya kununua. Mimi nawajua. Anauliza bei, anasema asante, unamwona mgongo. Nimekuharibia."

Sindano alisema si kitu. Kilikuwa kitu. Siku zilipita, ya tatu, ya sita, ya tisa, na ile ndoto yake ikabadilika. Aliingia chumbani kama kawaida, mashuka yalikuwepo, mwanga ulikuwepo, lakini kwenye kiti alikaa mwanamke mwingine, mwenye mgongo mpana na mkono mwepesi, na Sindano alijua bila kuambiwa kwamba mwanamke huyo aliandika tisa. Mkasi wake ulikuwa upande wa kulia. Ilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba amekikosa chumba kwa ajili ya bei ambayo hata yeye mwenyewe hakuitaka. Angekosa kwa uzembe wa mkono, angevumilia. Angekosa kwa umri, angesema ndiyo dunia. Lakini kwa hodi?

Aliacha kwenda kule. Alishona akiwa yupo, macho makavu, akisikia kila mlio wa mlango na kila suruali iliyoulizwa.

Siku ya kumi na nne mumewe alimwita mara moja, naye akaitika. Fundi wa kufuli aliweka chini tupa yake ya kuchongea funguo, akamtazama.

"Hapo sasa naona kuna shida," alisema. "Nenda kawapunguzie."

"Mtu anapunguzaje bei ambayo hajaombwa kupunguza?"

"Mambo ya bei siyajui. Najua kufuli, na kufuli halijawahi kufunguka kwa kutazamwa. Nenda, mama watoto."

Alikwenda asubuhi iliyofuata, na safari hii korido aliipita mbio. Binti wa ofisini alikuwa amevaa koti lilelile, bitana sasa imeshuka hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Mama! Afadhali umekuja, nilikuwa..." alianza, akainama kwenye droo.

Sindano hakumpa nafasi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. "Mwanangu, sitakupotezea muda. Kumi na tano."

Binti aliinua kichwa. "Kumi na tano nini?"

Huyu ni fundi wa kupatana, aliwaza Sindano, anajifanya hajui. "Haya, kumi na tatu."

Binti alibaki ametoa macho, mkono mmoja bado umo ndani ya droo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika miaka yake yote Sindano hakuwahi kushindana na mteja mbaya kuliko yule asiyesema. Mteja wa kelele unajua ataishia wapi. Wa kimya hana chini.

"Kumi," alisema. "Na hapo nimefika, mwanangu, chini ya hapo siwezi, macho haya..." Akaianza hotuba ya macho, lakini ilikatikia njiani, kwa sababu sauti ilikuwa imeanza kumtetemeka bila ruhusa yake. "Sikiliza. Hata saba. Ile kumi na nane haikuwa bei, ilikuwa hodi tu. Siku moja nilikosea mlango nikakiona kile chumba cha mashuka, nikakipenda. Sijapata kukaa mahali kama pale. Nipeni hata saba, nikae pale."

Binti alipata karatasi aliyokuwa akiitafuta, akaigeuza juu ya meza ili maandishi yamwelekee mgeni wake.

"Soma, mama."

Ilikuwa barua. Ilikuwa na jina lake, lile la wazazi, ambalo ilimchukua muda kulitambua. Ilitaja siku tatu kwa wiki, saa mbili hadi saa saba. Ilitaja elfu kumi na nane. Chini ilikuwa imesainiwa kwa wino wa buluu.

"Mkurugenzi alisaini wiki iliyopita," alisema binti. "Ilikuwa inasubiri mhuri, na mwenye mhuri alikuwa likizo. Karudi leo."

Sindano aliisoma tena. Akavuta pumzi. Muuzaji ana heshima yake, na neno likishatoka limetoka. "Basi punguza," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nimeshasema saba."

"Siwezi. Hapa hatupunguzi, mama. Ukishaandika kwenye mstari wa tisa, ama tunakubali ama tunakataa. Tumekubali." Binti alitazama mlango, kisha akashusha sauti. "Na nikwambie kitu. Aliyekuwepo kabla yako alikuwa analipwa ishirini na nne. Mkurugenzi aliniuliza mara mbili kama hukukosea. Mwakani fomu hiyo itajazwa upya. Ningekuwa wewe, ningeandika vingine."

Sindano alikaa, na bahati nzuri kiti kilikuwepo. Kumbukumbu zilimjia zenyewe, hazikubisha hodi: tano za miaka thelathini, sketi za shule, mapazia ya sebule za watu, suti ya bwana harusi aliyepunguziwa hadi nne na nusu na bado akaomba arudishiwe vifungo vilivyobaki. Kila mara alitaja nane kwa aibu, kama anayeiba, na kila mara alishuka kwa furaha. Hasira ilipanda, ya moto, ikamfika shingoni. Hakujua amkasirikie nani, kwa hiyo ikashuka. Kisha akalia, na safari hii si kwa ajili ya nauli.

Jumatatu aliingia chumbani. Mwanga ulikuwa palepale ulipoachwa. Aliweka mkasi upande wa kushoto, karibu na dirisha, akavuta kiti, akakaa, akasubiri kidogo aone kama kuna atakayekuja kumwondoa. Hakuja mtu. Alitia uzi, akakanyaga, na shuka la kwanza likaanza kupita chini ya mikono yake, jeupe, refu, halina haraka. Baada ya muda alishtuka kugundua kwamba haoti chochote. Mguu, macho na mwenyewe vilikuwa mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa hapa.

Saa saba ilipokaribia, binti wa ofisini alichungulia mlangoni, koti la kijivu likiwa mkononi.

"Mama, nimeona tangu siku ya kwanza unaitazama hii bitana. Ukienda nayo nyumbani, utanishonea kwa kiasi gani?"

Sindano alilipokea. Aliipindua mikono ya koti, akapima kwa kidole urefu wa palipofumuka. Nane ilimjia kwenye ulimi yenyewe, kwa mazoea, ili washuke wakutane tano. Akaimeza. Akaitazama tena kazi, safari hii kazi tu, mishono yake na uzi wake na jioni moja ya macho yake.

"Sita," alisema.

Binti aliegemea mlango, akatabasamu. "Nipunguzie kidogo, mama yangu."

Sindano aliinua mkono begani, akaikuta sindano, akaichomeka kwenye bitana kuweka alama pa kuanzia.

"Hapa hatupunguzi," alisema, akalikunja koti na kulitia kwenye mfuko wake.